Skafu ya Pande Mbili Imekugomea? Anza na Dalili

Kila mwaka baridi ya Juni ikishuka hapa Njombe, mlango wangu hauishi hodi. Anayeingia amebeba mfuko, na ndani ya mfuko mna skafu iliyoishia katikati, sindano bado zimechomekwa. Neno lake la kwanza ni lilelile: "Mkono wangu mzito, mimi kufuma siwezi." Nikiitandaza mezani na kuhesabu vitanzi, mara nyingi mkono hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye hesabu. Kitanzi kimoja kimezidi, kimoja kimetoroka, au namba ya kuanzia haikulingana na pambo. Mtu amefumua mara tatu akijilaumu, kumbe alichohitaji ni kuongeza kitanzi kimoja siku ya kwanza.

Skafu ninayoizungumzia ni ile yenye pambo la mishono, ambayo ukiigeuza upande wa pili unapendeza kama wa kwanza. Sweta ina ndani na nje, na ncha za nyuzi na makosa madogo hufichwa ndani. Skafu inazungushwa shingoni, upepo unaigeuza, watu wanaona kotekote. Ndiyo maana hata mama aliyefuma sweta nyingi za shule hukwama hapa.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ninayokutana nayo zaidi inatangulia. Tafadhali usifumue hata mstari mmoja kabla ya kufanya ukaguzi mwepesi.

Tuelewane maneno

Walionifundisha walisema pleni na pali, nami nasema hivyohivyo. Pleni unafuma uzi ukiwa nyuma ya sindano, na upande unaokutazama unaona umbo la V. Pali unafuma uzi ukiwa mbele, na unaona nundu ndogo iliyolala. Pleni na pali ni mshono mmoja ukitazamwa pande mbili: V ya upande huu ni nundu ya upande ule. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatatua bila kuuliza mtu.

Mapambo ninayoyatumia kama mifano ni matatu. Mshono wa punje: pleni moja, pali moja, na kila mstari nundu inakaa juu ya V. Mkeka: viboksi vya pleni nne na pali nne, vinavyobadilishana kila baada ya mistari minne. Na mbavu zilizohama: pleni mbili, pali mbili kwa mstari mzima, ila vitanzi vitatu vya mwisho unafuma pleni mbili na pali moja. Mstari unaorudi unafuma vilevile. Hili la tatu ndilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu lina mstari mmoja tu wa kukariri na linatoa mifereji mizuri pande zote mbili.

Dalili: Pambo limepotea. Punje zimekuwa mbavu, mkeka umevurugika

*Namba ya kuanzia haikufaa.* Hii ndiyo mama wa malalamiko yote. Mtu ameambiwa "pleni moja, pali moja, kila mstari", akaanzisha vitanzi 44, akafuma sentimita ishirini, akapata mbavu kama za pindo la sweta badala ya punje. Hakukosea kufuma. Kwa namba shufwa, ukianza kila mstari na pleni, V inaangukia juu ya V na nundu juu ya nundu, basi mbavu zinasimama. Kwa namba witiri kila kitu kinahama kitanzi kimoja unaporudi, na punje zinatokea zenyewe.

Kagua hivi: hesabu vitanzi. Kwa punje ya mstari mmoja wa kukariri, viwe witiri. Kwa mbavu zilizohama, viwe vinavyogawanyika kwa nne, kisha ongeza vitatu. Kwa mkeka wa nne kwa nne, vinavyogawanyika kwa nane, kisha ongeza vya kingo pande zote mbili. Namba 43 inafaa kwa punje na inafaa kwa mbavu zilizohama, kwa hiyo mimi huitumia sana: kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4 inakupa upana unaofaa kwa skafu ya shingoni. Kwa mkeka hutumia 46, yaani arobaini za pambo na tatu za ukingo kila upande.

Ukiwa umeshafuma mistari michache tu na namba ni shufwa, huna haja ya kufumua. Mstari mmoja anza na pleni, unaofuata anza na pali. Punje zitarudi.

*Uliiweka chini katikati ya mstari, ukaishika upande usio wake.* Mtoto alilia, umeme ulikatika, mgeni alibisha. Uliporudi ukaanza kufuma ulikotoka. Dalili yake ni ngazi fupi ya mistari miwili ya ziada upande mmoja wa skafu, na kitundu kidogo pale ulipogeukia. Ukaguzi ni mmoja: uzi unaotoka kwenye donge lazima uning'inie kwenye sindano ya mkono wa kulia, yaani kwenye kitanzi ulichomaliza kufuma. Ukiuona kushoto, geuza kazi. Kama umeshafuma mistari mingi juu ya kosa hilo, fumua mpaka hapo. Hakuna namna ya kuliziba.

*Kitanzi kiliongezeka au kupungua mistari kadhaa chini.* Pambo liko sawa nusu ya upana, kisha kuanzia mahali fulani linapinda. Fuata mstari kwa kidole mpaka pale linapobadilika, hapo ndipo penye kosa. Nenda kwenye dalili inayofuata.

*Mshono mmoja tu ulifumwa kinyume.* Umeona nundu mahali pa V, mistari sita chini. Usifumue skafu yote. Fuma mpaka ufike juu ya safu hiyo, achia kitanzi hicho kimoja kwa makusudi, kiache kishuke mpaka kwenye kosa, kisha kipandishe kwa kulabu ya kroshia, ngazi kwa ngazi, yaani uzi mmojammoja uliolala juu yake. V inapandishwa ikikutazama. Kwa nundu, geuza kitambaa uipandishe kama V kutoka upande wa pili. Kwa mshono wa punje utageuza kila ngazi. Inachosha, lakini ni dakika kumi badala ya jioni nzima.

Dalili: Skafu inapanuka au inapungua kadiri unavyofuma

Ulianza na 43, sasa una 51. Au 38. Kuna wanaosema mkono umelegea. Mkono uliolegea hufanya kitambaa kilegee, hauongezi vitanzi. Hesabu kwanza. Namba ikiwa ileile na upana umebadilika, hapo ndipo tuzungumzie mkono.

Kama vimezidi, sababu ya kwanza ni uzi kusahaulika mbele. Umefuma pali, sasa unataka pleni, hukuurudisha uzi nyuma kupitia katikati ya sindano mbili. Ukapita juu ya sindano na kujifanya kitanzi. Kwenye punje unahamisha uzi kila mshono, kwa hiyo nafasi za kukosea ni nyingi kuliko pambo lolote lile. Ukikiona kitanzi ambacho hakina shingo chini yake, yaani kimelala tu juu ya sindano kama kamba ya nguo, hicho ndicho mgeni. Ukiwa bado kwenye mstari uleule au unaofuata, kiachie tu. Kilegevu kidogo kitakachobaki kitagawanywa na vitanzi jirani ukivuta huku na huku.

Sababu ya pili iko mwanzoni mwa mstari. Ukigeuza kazi na kuuvuta uzi juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza kinainuka na miguu yake miwili inaonekana kama vitanzi viwili. Mwanafunzi anafuma vyote viwili. Kila mstari kinazidi kimoja, na skafu inakuwa na umbo la kanga iliyokunjwa pembetatu. Dawa: kabla ya mshono wa kwanza, vuta uzi chini, uache uning'inie, halafu uupitishe chini ya sindano kwenda nyuma.

Kama vimepungua, ama umefuma viwili kwa pamoja bila kujua (uzi wenye manyoya huficha sana hili), ama kimoja kimetoroka. Usiendelee kufuma. Tandaza kitambaa, kivute kwa upana taratibu, utafute ngazi.

Wanaoanza nawaomba wahesabu kila baada ya mistari minne. Na kila baada ya mistari ishirini hivi, pitisha uzi mwembamba laini wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote kwa sindano butu, uuache humo. Huo ni uzi wa uokozi. Siku ukilazimika kufumua, kufumua kutaishia hapo na vitanzi vyote vitakusubiri.

Dalili: Kuna tundu

Matundu yana aina tatu, na usipozitofautisha utaharibu kilicho kizima.

Tundu lenye ngazi juu yake, nyuzi za kulala moja juu ya nyingine: kitanzi kimetoroka. Kabla ya kufanya lolote, kikamate kwa pini ili kisiendelee kushuka. Kisha kipandishe kwa kulabu kama nilivyoeleza. Uzi wa sufu halisi unashikana na hukupa muda. Akriliki laini, yaani uzi wa kiwandani usio wa mnyama, na pamba huteleza mara moja.

Tundu la duara bila ngazi: uzi uliozidi juu ya sindano, ukafumwa mstari uliofuata. Vitanzi vitakuwa vimezidi kimoja. Kama ni mistari miwili mitatu chini, achia safu hiyo mpaka kwenye tundu, halafu usiipandishe tena. Kama ni mbali sana na pambo halijavurugika, kaza kwa kipande cha uzi uleule wakati wa kuficha ncha.

Tundu ambalo uzi wenyewe umekatika, ncha zinaonekana: hili si kosa la kufuma. Ni nondo wa nguo, msumari, au mswaki wa kufulia. Simama hapo. Usivute ncha yoyote. Chomeka pini kwenye kila kitanzi kilicho wazi, mpelekee fundi. Kwa skafu ya sufu iliyoliwa na nondo, ifunge peke yake kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha kitu kabla hujaiweka karibu na nguo nyingine za sufu.

Dalili: Kingo zinajikunja, au zimelegea kama utumbo

Kujikunja kuna sababu moja kubwa: pleni nyingi mno upande mmoja. Kitambaa cha pleni mbele na pali nyuma kina tabia isiyoondoka, kando zake hujikunja kwenda nyuma, juu na chini hujikunja kuja mbele. Mkeka wa viboksi vya kumi kwa kumi unaonekana mzuri kwenye karatasi, lakini kila kiboksi cha pembeni ni kipande kidogo cha kitambaa hicho, na kitajikunja. Baki kwenye viboksi vya nne au tano, na uweke ukingo wa vitanzi vitatu vinavyofumwa pleni kila mstari, kwenda na kurudi. Chini na juu fuma mistari sita ya pleni tupu kabla ya kuanza pambo.

Kama skafu imeshakwisha na inajikunja, nitasema ukweli: kuilowesha na kuibana kwa pini kutasaidia siku chache ikiwa ni sufu, na kwa akriliki hakutasaidia. Unaweza kuokota vitanzi kando na kufuma ukingo, au kuongeza ukingo wa kroshia. Mimi huchagua kroshia, kwa sababu haraka yake inaonekana na ukingo wake haujikunji.

Kingo legevu mara nyingi ni kitanzi cha kwanza kilichofumwa bila kukazwa. Kaza mshono wa pili, siyo wa kwanza. Ukitaka ukingo nadhifu kabisa, ongeza kitanzi kimoja kila upande: cha kwanza cha kila mstari kihamishe tu bila kukifuma, uzi ukiwa mbele, na cha mwisho kifume pleni siku zote. Utapata mnyororo ulionyooka, na unaonekana vizuri pande zote mbili.

Dalili: Mwanzo au mwisho umebana, katikati pana

Hapa kuna ushauri maarufu ambao ni nusu ya ukweli: "Anzisha vitanzi kwenye sindano mbili zilizoshikwa pamoja." Sindano nene hurefusha vitanzi. Kinachofanya pindo livutike ni nafasi kati ya kitanzi na kitanzi. Kwa hiyo unapoanzisha, acha nafasi ya upana wa sindano kila baada ya kitanzi, weka kidole kama kipimo mpaka mkono uzoee.

Mwisho ukibana, funga upya kwa sindano kubwa zaidi kwa nusu milimita au milimita nzima. Na ufunge kwa kufuata pambo, pleni juu ya pleni na pali juu ya pali. Ukifunga yote kwa pleni, pindo la juu litapata upande wa nyuma usiofanana na wa mbele, na hiyo si skafu ya pande mbili tena.

Dalili: Upande wa pili hauko kama wa kwanza

Kwanza uliza kama pambo lenyewe lina pande mbili. Mafundo ya kusokota na matundu ya urembo kwa kawaida yana mgongo. Pambo ambalo idadi ya V na nundu inalingana ndilo linalofaa. Tafuta usawa huo kabla ya kununua uzi.

Pili, ncha za nyuzi. Acha urefu wa sentimita kumi na tano, zifiche kwa sindano butu ukifuata njia ya nundu zenyewe, upande mmoja sentimita tano, kisha urudi kidogo kinyumenyume. Kwenye mbavu, shuka nazo ndani ya mfereji. Naomba tuache ule mtindo wa kuchoma ncha za akriliki kwa kiberiti. Zinayeyuka zikawa kijiwe kigumu, na kijiwe hicho kinakwaruza shingo kila siku.

Kama uzi wako ni sufu halisi isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, unaweza kuunganisha donge jipya bila ncha kabisa: chambua ncha zote mbili, zilaze moja juu ya nyingine, zilowe kidogo, zisugue kwa nguvu katikati ya viganja mpaka zishikane. Akriliki haishikani hata usugue mpaka asubuhi.

Tatu, mistari ya rangi. Ukibadilisha rangi, nundu za mstari huo zitaonyesha rangi ya zamani na mpya zikichanganyika kama vitone. Upande mmoja unaweza kuzikwepa kwa kufuma pleni mstari mzima wa kubadilishia, lakini upande wa pili zitatokea, maana V ya huku ni nundu ya kule. Hazina dawa. Ama uzikubali kama sehemu ya urembo, ama utumie rangi moja.

Dalili: Umefuma pambo lakini halionekani

Uzi wenye rangi nyingi zinazobadilika hula pambo lote, na wenye manyoya marefu vilevile. Mweusi na bluu iliyokoza zinaficha vivuli vya nundu, na pambo ni vivuli hivyo tu. Chukua rangi moja, ya wastani au nyepesi, uzi wa duara uliosokotwa nyuzi tatu au nne pamoja.

Sababu ya pili ni sindano. Hapa pana mtego wa namba. Sindano za zamani za Kiingereza huhesabiwa kinyume: namba ikikua, sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ya zamani ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 6 ni milimita 5. Sindano za urithi na za mitumba nyingi zina namba hizo. Ukipewa "namba 8" uliza ni ya milimita au ya zamani, la sivyo skafu itakuwa wavu au ubao. Na wale tuliojifunza kwa spoki za baiskeli tukumbuke kwamba spoki ina unene wa milimita 2 hivi. Inafundisha vidole vizuri, lakini kwa uzi mnene inatoa kitambaa kinachosimama chenyewe.

Dalili: Skafu inakwenda mshazari

Vitanzi ni 43 kila ukihesabu, lakini skafu inalala upande kama mlingoti uliopigwa na upepo. Angalia kingo: huenda unaongeza kimoja kwenye ukingo mmoja na kupoteza kimoja kwenye ukingo wa pili. Hesabu inabaki sawa na kitambaa kinatembea. Weka pini kwenye kitanzi cha tatu kutoka kila ukingo, fuma mistari kumi, uone kama safu zenye pini bado ni za tatu kutoka ukingo.

Kama kingo ni salama, kagua uzi. Vuta urefu wa mkono mmoja, kutanisha ncha zake, uache katikati kuning'inie. Ukijisokota kwa hasira, umesokotwa kupita kiasi, na uzi wa namna hiyo ukiwa mmoja peke yake husukuma kitambaa cha pleni upande mmoja. Punje na mkeka huvumilia, kwa sababu pleni na pali zinasukumana.

Dalili: Imeharibika baada ya kufuliwa

Hapa majibu yote yanategemea jambo moja: uzi wako ni nini. Madukani kwetu ukisema "sufu" utapewa uzi wowote wa sweta, na mwingi ni akriliki. Soma lebo. Lebo ikiwa imepotea, chukua kipande cha sentimita tatu, kishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, mbali na watoto na pazia, ukiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima yenyewe na majivu yake yanavunjika. Akriliki inawaka, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa moto.

Imesinyaa na kuwa nene kama blanketi la farasi: ni sufu iliyopata maji moto na kusuguliwa. Haifumuki wala hairudi. Usipoteze sabuni nyingine.

Imelegea na kulala kama kitambaa kilichokufa: ni akriliki iliyopigwa pasi au mvuke. Nayo hairudi. Usipige pasi skafu ya pambo, iwe ya uzi gani, maana hata sufu ikibaki salama, nundu zitalala.

Imerefuka mpaka magotini: ilianikwa kwenye kamba ikiwa na maji. Hii inatibika ikiwa ni sufu. Iloweke dakika ishirini katika maji ya vuguvugu, ikamue ndani ya taulo bila kuinyonga, itandaze juu ya taulo kavu kivulini, uisogeze kwa viganja mpaka irudi kwenye urefu wake. Usizivute mbavu kwa upana, ziache zijikunje zenyewe. Kwa ukungu wa huku kwetu inachukua siku mbili kukauka, na si vizuri kuiharakisha juani.

Kuhusu urefu: mita moja na nusu hadi moja na themanini inatosha mtu mzima. Anayepanda bodaboda aingize ncha zote mbili ndani ya koti, kwani ncha inayopepea inaweza kuvutwa na gurudumu au mnyororo. Mtoto mchanga asivalishwe skafu kabisa, mfumie kofia.

Dalili: Mkono unauma

Uchovu wa bega na mgongo huisha ukinyanyuka kila nusu saa na kuiweka kazi mapajani badala ya kuibeba kwa viganja. Lakini ganzi au mchomo kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Acha kufuma siku hiyohiyo na uende hospitali. Nimewaona wanaovumilia wakitaka kumaliza oda kwanza, kisha wanashindwa kufunga kifungo cha shati. Oda inasubiri.

Lini umpelekee fundi

Uzi ukiwa umekatika. Kitanzi kilichotoroka kikiwa kimeshuka mistari mingi kwenye uzi wa manyoya. Safu tatu au zaidi zikiwa zimeporomoka pamoja. Au skafu ikiwa ni ya marehemu mama yako na uzi wake haupatikani tena. Mafundi wa sweta wenye mashine sokoni wana kulabu za kupandishia ngazi na wanazipandisha kila siku, ila waambie mapema kwamba kitambaa kina pande mbili, wasije wakapandisha zote kuwa V.

Iache kwenye sindano zake, chomeka kizibo au funga mpira wa pesa kwenye ncha zote mbili ili vitanzi visichomoke njiani. Weka pini palipoharibika. Usikate uzi kutoka kwenye donge. Chukua na lebo ikiwa bado unayo, kwa sababu donge jipya la rangi ileile lenye namba nyingine ya loti, yaani lililotiwa rangi kwa mkupuo mwingine, linaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana mara tu skafu ikitoka nje kwenye mwanga.